Kinachobana Kifua Dodoma si Vumbi Peke Yake

Wakazi wengi wa Dodoma, wakiulizwa kinachowaletea watoto wao pumu, hutaja mambo mawili bila kusita: vumbi na baridi. Jibu hilo lina msingi wake, kwa kuwa uwanda wa kati wa Tanzania, ulioinuka takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na kupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, tena katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba na kumalizika Aprili, hubaki mkavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na kati ya Juni na Septemba upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ukainua udongo mwekundu na kuuingiza katika kila chumba chenye ufa. Hata hivyo, tafiti za miongo mitatu iliyopita zinaonyesha kwamba vumbi na baridi, pamoja na madhara yake yote, kwa kawaida huchochea moto uliokwisha kuwashwa na wengine wawili: virusi vya mafua ya kawaida, na kinga ya mwili iliyojizoesha kupigana na vitu visivyo na madhara. Kila kimoja kati ya viwili hivyo kinaweza kumsumbua mgonjwa kikiwa peke yake, lakini hatari kubwa huja vinapokutana katika kifua kimoja kwa wakati mmoja, na ni mkutano huo ambao matibabu ya pumu katika zahanati na maduka ya dawa ya uwanda huu bado hayajaupa uzito unaostahili.

Pumu ni ugonjwa wa mirija inayopeleka hewa mapafuni. Kwa mtu mwenye afya mirija hiyo hubaki wazi wakati wote, ilhali kwa mwenye pumu utando wake wa ndani huwa na mchochota, yaani hali ya kuvimba na kuwa mwekundu inayosababishwa na seli za kinga zilizojaa mahali hapo, na hali hiyo huendelea hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Shambulio linapokuja, misuli inayozunguka mirija hukaza, utando huvimba zaidi na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki, hivyo kwamba hewa hupita kwa shida, hasa wakati wa kutoka, na kifua hutoa ule mlio wa filimbi ambao wazazi huueleza kwa kusema kwamba kifua cha mtoto kinalia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu na watu 455,000 walifariki kwa sababu yake, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chanzo cha mchochota huo, kwa wagonjwa wengi na hasa watoto, ni mzio. Kinga ya mwili ina kazi ya kutofautisha kilicho hatari na kisicho hatari, na kwa mtu mwenye mzio tofauti hiyo hukosewa: protini iliyomo katika chavua ya nyasi, katika kinyesi cha utitiri wa vumbi la godoro, katika mabaki ya mende, katika manyoya ya paka au katika mbegu za kuvu huchukuliwa kana kwamba ni ya mnyoo anayevamia mwili. Seli za kinga hutengeneza basi kingamwili ya aina ya IgE, ambayo iligunduliwa mwaka 1966 na wanandoa wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Denver nchini Marekani, na kuthibitishwa mwaka uliofuata na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli zinazoitwa seli za masti, zilizotapakaa chini ya utando wa pua na mapafu, zikasubiri huko kwa wiki au miezi bila mtu kuhisi lolote. Siku protini ile ile inaporudi, hunasa kingamwili mbili au zaidi kwa pamoja, seli ya masti hupasua vifuko vyake na kumwaga histamini na kemikali nyingine, na ndani ya dakika chache mirija hukaza. Saa chache baadaye huja wimbi la pili, ambalo halina kishindo lakini lina madhara ya kudumu zaidi, kwa kuwa seli nyeupe za damu ziitwazo eosinofili huingia kwa wingi katika utando, zikatoa sumu zilizokusudiwa kuua minyoo na ambazo, kwa kukosa mnyoo, huchubua ngozi laini ya mirija yenyewe.

Uwanda wa kati una kalenda yake ya vitu hivyo. Nyasi huchanua na kutoa chavua katika miezi ya mwisho ya mvua, mahindi na alizeti nazo zikiwa mashambani. Wakati wa mavuno na baada yake, vumbi la nafaka hujaa katika maghala, katika mashine za kusaga na katika soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, likibeba mbegu za kuvu na mabaki ya wadudu waharibifu. Na nyumbani, mwaka mzima, mende huishi kwenye makabati ya jikoni. Utitiri wa vumbi, ambao huhitaji unyevu ili uishi na ambao kwa sababu hiyo hustawi zaidi katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, hupata nafuu hata Dodoma ndani ya godoro, ambamo jasho na joto la mlalaji huutengenezea hali ya hewa tofauti na ile ya nje. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu vumbi jekundu la barabarani, ambalo ndilo linaloonekana na kulaumiwa, kwa sehemu kubwa ni madini ya udongo, nayo madini hayana protini ya kuamsha mzio. Yanakwaruza, yanakausha na kuwasha utando wa mirija, na kwa njia hiyo hurahisisha kazi ya wengine.

Upande wa pili wa mkutano ni mafua. Virusi vinavyoitwa rhinovairasi, ambavyo ndivyo kisababishi kikuu cha mafua ya kawaida, kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa na uwezo wa kuishi puani tu, na daktari aliyemwona mgonjwa wa pumu mwenye makamasi hakuyapa makamasi hayo umuhimu mkubwa. Mtazamo huo ulibadilika mwaka 1995, pale Sebastian Johnston na wenzake walipochapisha matokeo ya kufuatilia watoto wa shule wa umri wa miaka 9 hadi 11 katika eneo la Southampton, Uingereza, kwa kutumia mbinu mpya za kutambua virusi kwa vinasaba vyake: katika kila matukio 100 ya kuzidiwa kwa pumu, virusi vilipatikana katika matukio 80 hadi 85, na rhinovairasi ndivyo vilivyoongoza. Baadaye ilithibitishwa kwamba virusi hivyo hushuka hadi katika mirija ya mapafu na kuzaliana humo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mafua yale yale yanayomfanya mtoto mmoja apige chafya siku tatu tu yampeleke mwenzake hospitalini akiwa amebanwa kifua. Jibu limo katika namna kinga mbili zinavyozuiana. Seli ya utando iliyovamiwa na kirusi hutoa protini ziitwazo intaferoni, ambazo kazi yake ni kuziambia seli jirani zijifunge ili kirusi kisizaliane ndani yake. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba seli zilizochukuliwa kutoka katika mirija ya watu wenye pumu hutoa intaferoni kidogo kuliko za watu wasio nayo, na kirusi huzaliana ndani yake kwa wingi zaidi. Tena IgE, inapokuwa imejaa juu ya seli fulani za kinga ambazo kwa kawaida ndizo wazalishaji wakubwa wa intaferoni, huzifanya zizembee. Kwa maneno mengine, mzio huufungulia mlango ugonjwa wa kuambukiza. Nao ugonjwa hulipa deni hilo, kwa kuwa seli za utando zinapokufa kwa kuvamiwa na virusi hutoa kemikali za kuomba msaada, ambazo katika kifua chenye mzio huwaita watu wasiofaa: zinaongeza eosinofili na makohozi badala ya askari wa kupambana na kirusi, huku utando uliotobolewa ukiruhusu chavua na kinyesi cha utitiri kupenya hadi kwenye seli za masti zilizo chini yake.

Ukubwa wa athari ya mkutano huo ulipimwa Manchester, Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulilinganisha watoto waliolazwa kwa pumu na wenzao ambao hawakulazwa. Mtoto ambaye alikuwa na mzio, akaishi katika nyumba yenye vitu vinavyoamsha mzio huo kwa wingi, na wakati huo huo akawa na virusi puani, alikuwa na uwezekano wa kulazwa unaokaribia mara 19 ya ule wa mtoto asiye na muungano huo. Ushahidi wa aina nyingine ulipatikana Marekani mwaka 2011, pale watoto wa mijini wenye pumu walipopewa omalizumabu, dawa ya sindano inayonasa IgE na ambayo haina uwezo wowote wa kuua kirusi. Wimbi la kuzidiwa ambalo kila mwaka huwakumba watoto hao shule zinapofunguliwa na mafua kuenea lilipungua sana. Dawa ya mzio ilikuwa imezuia madhara ya mafua, na hakuna hoja iliyo wazi kuliko hiyo kwamba mambo haya mawili hayatenganishiki.

Swali gumu zaidi linahusu watoto wachanga. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akipata virusi vijulikanavyo kwa kifupi kama RSV, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, anaweza kuugua bronkiolaitisi, yaani kuvimba kwa vijirija vya mwisho kabisa vya mapafu, na kupumua kwa mlio. Afrika Mashariki ina mchango mkubwa katika kuvielewa virusi hivi. Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, wamekuwa wakivifuatilia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 na 2010 walichukua sampuli za pua za watu wote katika kaya kadhaa mara mbili kwa wiki, wakabaini kwamba mtoto mchanga anapoambukizwa ndani ya nyumba, mara nyingi anayemletea ni kaka au dada yake mkubwa, hasa anayesoma shule. Utafiti mwingine uliohusisha nchi 7, Kenya na Zambia zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba RSV ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha nimonia kali ya watoto, ikichangia karibu thuluthi moja ya wagonjwa. Tanzania yenyewe, baada ya kuanza kutoa chanjo dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009 na dhidi ya nimokoka miaka michache baadaye, imepunguza sehemu ya nimonia inayoletwa na bakteria, na kwa hiyo uzito wa virusi katika wodi za watoto umezidi kuonekana.

Je, virusi hivi huleta pumu, au humfichua tu mtoto aliyezaliwa na mwelekeo wa kuipata? Utafiti wa muda mrefu uliofanyika Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, uliripoti mwaka 2008 kwamba watoto waliowahi kupumua kwa mlio kwa sababu ya rhinovairasi katika miaka mitatu ya mwanzo walikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 wa kuwa na pumu walipofika umri wa miaka 6, wakati kwa RSV uwezekano huo ulikuwa mara mbili na nusu hivi. Watafiti wale wale walirudi mwaka 2012 na kuonyesha mpangilio wa matukio: mzio ulitangulia, kisha mlio wa rhinovairasi ukafuata, na si kinyume chake. Kuna pia urithi, kwa kuwa rhinovairasi za kundi C, ambazo hazikujulikana hadi mwaka 2006, huingia katika seli kwa kushika protini iitwayo CDHR3, na watoto waliorithi umbo fulani la protini hiyo huwa nayo nyingi zaidi juu ya seli zao. Picha inayojitokeza ni ya mtoto ambaye kinga yake imeelemea upande wa mzio tangu mapema, na ambaye kila mafua makali huacha kovu jipya katika mirija ambayo bado inakua.

Kuelemea huko hakutokani na damu ya ukoo peke yake, na hapa ndipo historia ya uwanda wa kati inapopata uzito wa pekee. Wagogo ni wafugaji na wakulima, na nyumba yao ya asili, tembe, yenye paa bapa la udongo lililobebwa na miti, ilijengwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala, hivyo kwamba mtoto alikulia katika hewa iliyojaa harufu na vumbi la zizi tangu siku ya kwanza. Tafiti za Ulaya zimeonyesha mara nyingi kwamba watoto wanaokulia karibu na mifugo hupata mzio na pumu kwa nadra, na mwaka 2016 wanasayansi wa Marekani waliilinganisha jamii ya Waamishi, wanaofuga kwa njia za kale karibu na nyumba zao, na jamii ya Wahutterite, wenye asili inayofanana nao lakini wanaotumia mashamba makubwa ya mitambo yaliyo mbali na makazi: pumu ilikuwa kwa takribani asilimia 5 ya watoto wa Waamishi na asilimia 21 ya watoto wa Wahutterite, na vumbi lililokusanywa katika nyumba za Waamishi, lililojaa masalia ya bakteria wa zizini, liliwakinga panya wa maabara dhidi ya pumu ya mzio. Minyoo nayo, ambayo hakuna mtu wa kuitetea kwa madhara yake mengine, huifundisha kinga kujizuia.

Afrika Mashariki haina budi kuliangalia jambo hili kwa karibu, kwa sababu mabadiliko yanaonekana wazi. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1998 ulipima watoto wa shule kabla na baada ya kukimbia, na mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi na asilimia 13.2 ya wale wa kijijini Murang'a. Nchini Uganda, kazi ya Harriet Mpairwe na wenzake katika shule za wilaya ya Wakiso ilionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa mjini huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko aliyezaliwa kijijini. Dodoma, ambayo uamuzi wa kuifanya makao makuu ya nchi ulifikiwa mwaka 1973 lakini ambayo serikali ilihamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, imekua kutoka watu 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 hadi watu 765,179 katika ile ya mwaka 2022. Mtoto wa leo wa Nkuhungu au Ilazo hulala katika chumba cha matofali chenye dari, godoro la sponji na mapazia, mbali na zizi, akaenda kituo cha kulelea watoto ambako mafua huzunguka mwaka mzima. Amepoteza vumbi lililofundisha kinga yake na kubaki na lile linaloumiza mirija, likiongezewa moshi wa mkaa na wa magari. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, una maana kubwa kwa mapafu haya kuliko kampeni yoyote ya kumwagilia maji barabara za vumbi.

Matokeo ya kutouelewa mkutano huu huonekana zahanati. Mtoto anayeletwa akiwa anapumua haraka, yaani pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa na umri kati ya miezi 2 na 11, au 40 na zaidi kati ya mwaka 1 na miaka 5, huhesabiwa kuwa na nimonia na kupewa antibiotiki, ambayo haina kazi yoyote dhidi ya kirusi wala dhidi ya mzio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto ambaye kifua chake kinalia apewe kwanza dawa ya kuvuta inayolegeza misuli, hadi mara tatu kwa kupishana dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Wengi hupata nafuu palepale na hawahitaji antibiotiki. Mtoto anayerudi na hali hiyo kwa mara ya tatu au ya nne ndani ya mwaka, kila mara akiandikiwa nimonia, anastahili kuchunguzwa kama ana pumu, na mama yake anastahili kuambiwa jina la ugonjwa huo.

Hofu ya dawa ya kuvuta, ambayo watu huiita pampu, imewaumiza wengi. Inasemekana kwamba mtoto akishaizoea hataweza kuishi bila hiyo, na kwa hiyo familia hutumia vidonge na sindano hadi hali inapokuwa mbaya. Ukweli ni kwamba zipo pampu za aina mbili zenye kazi tofauti. Ya salbutamoli hulegeza misuli kwa saa chache na kuuacha mchochota kama ulivyokuwa. Yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, hutuliza mchochota wenyewe, huifukuza eosinofili na kupunguza makali ya mafua yanapofika, ila hufanya hivyo ikitumiwa kila siku, hata siku ambazo kifua ni chepesi. Miongozo ya kimataifa ya GINA iliacha mwaka 2019 kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana, kwa kuwa mgonjwa anayeitegemea hiyo tu huhisi nafuu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Katika maduka mengi ya dawa, hata hivyo, ni ya salbutamoli inayopatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka katika pampu, kwani nyingi huishia kooni, naye anahitaji chombo cha kati kinachoishikilia dawa hewani wakati anapumua. Vyombo vya dukani ni ghali, lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha kwamba chupa ya plastiki ya soda au maji, ya ujazo wa mililita 500, hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Kitako cha chupa hutobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto na kukunjwa kwa kipimo hicho hicho. Pampu huingizwa humo ikabana, pembeni zikazibwa kwa gundi ili hewa isivuje. Mtoto hushika mdomo wa chupa kwa midomo yake, dawa hubonyezwa mara moja, naye huvuta pumzi za kawaida kadhaa kabla ya kubonyeza tena. Chupa za aina hiyo hutupwa kila siku katika stendi ya mabasi ya Nanenane.

Muhula wa pili wa shule nchini huanza Julai, mwezi ambao usiku wa Dodoma ni wa baridi, upepo ni mkali, hewa ni kavu, na madarasa yenye wanafunzi wengi hufungwa madirisha ili vumbi lisiingie, jambo linalowapa virusi nafasi nzuri ya kupita kutoka pua moja hadi nyingine. Steroidi ya kuvuta huchukua wiki kadhaa kufikia nguvu yake kamili. Mzazi ambaye mtoto wake alibanwa kifua Julai mwaka jana ana sababu nzuri ya kwenda naye kliniki mwezi Mei, wakati bado anacheza bila shida, ili dawa ya kila siku ihakikiwe na matumizi yake yatazamwe na mhudumu, na ili afisa tabibu aulize swali ambalo vumbi limelifunika kwa muda mrefu, yaani ni nani nyumbani aliyekuwa na mafua siku mbili au tatu kabla ya kila shambulio.